Kabla Hujamrudisha Chelangat Kwao

Kibet mwanangu,

Ni saa kumi na nusu jioni, mvua imeshika, na wewe umeenda kumuaga mjomba wako kabla ya safari ya kazi Arabuni. Mkeo Chelangat anakamua ng'ombe. Nimekaa mezani na daftari kuukuu la dada yako, kwa sababu nikianza kukwambia haya kwa mdomo simu yako italia na utatoka nje. Mambo ya soksi, dawa na mahali pa kuficha pasipoti utaambiwa na dada zako, ambao hawajawahi kupanda ndege lakini wanajua kila kitu. Mimi nina jambo moja tu.

Jumapili nilikuwa nyuma ya stoo ya mahindi nikimtafuta yule kuku anayetaga nje. Wewe na baba yako mdogo mlikuwa ndani. Nilikusikia ukisema, "Heri arudi kwao kwanza. Miaka mbili yote hakuna kitu. Nikitoka huko Arabuni tutaona vile iko." Naye akakujibu, "Hapo umesema. Mwanamke hawezi kaa kwa boma ya watu bure."

Sikuingia. Nilisimama pale na yai mkononi mpaka mkatoka. Tangu siku hiyo nimekupikia, nimekufulia, nimecheka na marafiki zako waliokuja kukuaga, na moyoni nimekukasirikia sana. Nikikuangalia namwona mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine unajua kidogo habari zake. Unajua niliolewa Kimulot kabla ya kuolewa na baba yako. Umelisikia hilo kwa midomo ya watu, wala si kwangu. Jina lake silitaji katika nyumba hii, na hata leo silitaji. Alikuwa na duka pale senta na shamba la chai linaloshuka kuelekea msituni, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliamini nimeokota dhahabu. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukapita. Mama yake alinichemshia mizizi ya kila aina. Kila mwezi aliniangalia tumbo kabla ya kuniangalia uso.

Mwaka wa nne yule bwana akanunua simu. Alikuwa mtu wa kwanza Kimulot kuwa nayo. Wewe umezaliwa ukizikuta, huwezi kujua maringo ya siku zile. Netiweki ilipatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya shule, na kila jioni alipanda pale akasimama peke yake, mkono mmoja sikioni na mwingine kiunoni, akipiga kelele ili sisi tulio chini tujue anaongea na Nairobi. Akishuka aliiweka mfuko wa mbele wa suruali na kuipapasa njia nzima. Kanisani aliigusa mara nyingi kuliko alivyogusa Biblia.

Mwaka wa tano alinirudisha kwetu Soin. Alinipeleka mwenyewe, mchana, siku ya soko, watu wote wakiona. Alimwambia baba yangu mbele ya wake za kaka zangu, "Nimewarudishia mtu wenu. Hii shamba haioti kitu." Nilingoja baba yangu aulize swali hata moja. Hakuuliza. Alitoa ng'ombe wa mahari zizini na kumkabidhi yule bwana kamba, na kazi ikaisha kabla chai haijaiva.

Miaka miwili nilikaa Soin katika lile joto nikilima mahindi ya kaka zangu. Nikimbeba mtoto wa mtu, mama yake alikuja akamchukua mikononi mwangu polepole, bila neno, kama unavyoondoa kikombe mahali kinapoweza kuanguka. Hapo ndipo nilipojifunza chuki. Watu husema chuki inaua anayeibeba. Mimi ilinilisha. Niliamka nayo, nikalima nayo, nikalala nayo, na kila usiku niliomba Mungu anipe mtoto mmoja tu ili nimwonyeshe yule mtu.

Baba yako alikuwa dereva wa lori la majani chai. Alikuja Soin kwa mazishi, akaniona nikigawa ugali, akauliza mimi ni nani. Wakamwambia ni yule aliyerudishwa. Akasema, "Mimi sitafuti mtoto, natafuta mtu wa kuongea na yeye." Akanioa, na mwaka haukuisha kabla hujazaliwa. Sitaki kukudanganya, Kibet. Mkunga alipokuweka kifuani mwangu, nilikupenda, lakini jambo la kwanza nililowaza ni Kimulot.

Ulipofikisha miezi minne nilikuogesha, nikakupaka mafuta mpaka ukang'aa, nikakuvisha kofia nyekundu na kukupeleka Kimulot siku ya soko. Baba yako alidhani nimeenda kununua mbegu za viazi. Nilipita mbele ya lile duka mara mbili na wewe mgongoni. Mara ya tatu niliingia, nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji. Yule bwana alinipa chenji zaidi ya niliyostahili. Nje wanawake walikuwa wamejaa, na mmoja akaniuliza, "Si wewe ni ule alirudishwa Soin?" Nikageuka ili mwenye duka naye asikie. Nikasema, "Ndiyo mimi. Shamba ilikuwa nzuri. Ni mbegu ilipikwa na simu."

Soko zima lilicheka. Wiki ile nilikuwa nimesikia redioni, nusu nusu, nikiwa jikoni na sufuria zikilia, mtu akisema huenda mnururisho, ile miale ya simu, unadhuru mbegu za mwanamume anayeiweka mfukoni. Alisema huenda. Mimi hilo neno nililiacha jikoni. Kwangu habari ile ilikuwa jiwe zuri la kurusha na nililirusha. Kabla jua halijazama walikuwa wameshamwita Mbegu ya Simu, na jina hilo anazeeka nalo. Ameoa mara tatu na hakuna mtoto wa kumfungulia lango. Nikisikia habari zake moyo wangu hufurahi, na sijawahi kumwomba Mungu aniondolee furaha hiyo.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi tamu ya mama yako kumkomesha mtu. Lakini kulikuwa na Rael.

Rael ndiye msichana aliyeolewa Kimulot baada yangu. Siku ile ya kiberiti alikuwa chumba cha nyuma cha duka akipima sukari, na sikumwona. Ulikuwa umeanza kutembea alipokuja hapa Merigi kunitafuta. Alikuwa na gunia moja na jino la mbele halipo. Nilimpa chai, hakuigusa. Akasema, "Mama Kibet, nataka tu kuuliza. Ile maneno ya simu ulijua ni kweli?"

Nikamwambia nilijua. Nilidanganya, Kibet, nikiwa nimemwangalia machoni.

Akasema, "Kama ulijua, mbona ulingoja mpaka nikaolewa? Ulipomwaibisha pale soko alikuja nyumbani akasema ni mimi nitaonyesha watu kama yeye ni mwanaume au si mwanaume. Kila mwezi nikikosa mimba, nilipigwa. Sasa amenirudisha. Wewe ulikuwa unapiga yeye, lakini fimbo ilinipata mimi."

Nilimfungia mahindi kwenye karatasi, akayaacha mezani. Baadaye nilisikia yuko upande wa Kericho, anachuna majani kwa mashamba ya watu na kulala katika zile nyumba za laini za vibarua. Sijamfuata kumwambia kwamba nilidanganya. Nimepita na gari karibu na mashamba yale mara nyingi nikageuza uso upande wa pili. Hilo ni kosa langu, na nimelificha hata baba yako akafa bila kulijua.

Sasa tuje kwako.

Unakumbuka mwezi uliopita niliposema nampeleka Chelangat kliniki kwa sababu ya kichwa? Haikuwa kichwa. Chelangat alikuwa amekuomba mwende mkapimwe ukakataa, na nilitaka angalau hali yake yeye ijulikane. Alipimwa kila kitu anachoweza kupimwa mwanamke. Daktari ni msichana mdogo tu, angeweza kuwa dada yako, akasoma karatasi na kusema, "Huyu hana shida yoyote. Bwana yake yuko wapi?" Chelangat akainama kutazama viatu vyake.

Mimi nikajitia kujua. Nikamwambia daktari kwamba mwanangu anaendesha mashine ya kuchuna majani huko shambani, na mnajua vile wanafanya. Asubuhi majani yamelowa, wanajifunga lile karatasi la plastiki kiunoni, na simu isilowe wanaiweka mfuko wa mbele chini ya plastiki, redio ikiimba humo ndani mpaka saa tisa. Nikasema, "Ni simu, daktari. Mimi naijua hii ugonjwa. Nilishaona mtu ilimaliza."

Akaniuliza habari za huyo mtu. Nikamweleza kwa fahari, kama nilivyoeleza wanawake wengi kwa miaka ishirini na zaidi. Akaniuliza, "Alinunua simu mkiwa mmekaa miaka ngapi?" Nikasema mitatu. "Na hiyo mitatu mlipata mtoto?" Nikasema hapana. Akanitazama kwa upole, akasema, "Sasa hiyo mitatu ya kwanza, mama, ilipikwa na nini?"

Kibet, nimelima, nimezika, nimezaa mara tatu, lakini sijawahi kuvuliwa nguo hadharani namna ile. Na Chelangat alikuwa ameketi hapo hapo. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili nilikuwa nimeikwepa maisha yangu yote, kwa sababu ningeipiga ningepoteza jiwe langu.

Nikamwuliza kama basi simu haina neno. Akasema, "Sijasema hivyo. Hiyo kitu haijaisha kuchunguzwa. Kuna wachunguzi wenye walipata kwamba wanaume wa simu mfukoni mbegu zao ziko chini ama hazikimbii vizuri, na kuna wenye walitafuta na hawakuona kitu. Mimi huwaambia waitoe hapo, waiweke kwa shati ama begi, haina hasara. Hata hiyo plastiki inafungia joto, na mbegu haipendi joto. Kuna matumbwitumbwi, kuna maambukizi, kuna pombe, kuna mtu anazaliwa hivyo. Lakini simu haipimwi, mama. Mwenye hupimwa ni mwanaume."

Tulipofika kwenye daraja tukirudi, Chelangat akaniuliza taratibu, "Kwa hivyo ile mizizi ulikuwa unanipea?" Akaishia hapo. Ndiyo, nilimchemshia mizizi. Wewe hukujua, na kama ulijua ulinyamaza. Mwaka mzima nilimuuliza kila mwezi, "Bado?" Nilimwangalia tumbo kabla ya uso. Mimi, ambaye nilitemewa hayo hayo Kimulot, niliyachukua nikampa mtoto wa mwenzangu. Nikikulaumu ujue nimeanza na mimi.

Lakini kukulaumu nakulaumu. Mara ngapi nimekwambia toa hiyo simu mfukoni, ukacheka ukasema, "Mathe, wacha zako"? Nilipaswa kukwambia sababu. Niliona haya. Kwetu mama haongei na mwanawe aliyeshatoka jandoni mambo ya chumbani, na hata sasa mkono unakuwa mzito. Ndiyo maana nimeandika, ili wewe uone haya yako peke yako na mimi nione yangu.

Sikwambii kwamba simu imekuharibu. Sijui. Nilisema najua mara moja na mwanamke akang'olewa jino. Hata sikwambii kwamba wewe ndiye mwenye shida, pengine ninyi wawili hamjabahatika tu. Nakwambia hujapimwa. Mtu ambaye hajapimwa na anamrudisha mke wake kwao ni mwoga, na uoga wa namna hiyo mimi nauchukia kuliko wizi. Mwizi huchukua kilicho chako. Huyu hukupa kilicho chake ubebe.

Ndani ya pasipoti utakuta karatasi ya daktari ina jina lako. Kesho pale kliniki wanaanza saa mbili asubuhi, na gari lako la Nairobi linaondoka Bomet saa nane mchana, kwa hivyo huna sababu. Daktari alisema mtu awe hajalala na mke wake siku tatu hivi. Wewe tangu Jumapili unalala kwa baba yako mdogo, kwa hivyo hata hilo umelitimiza bila kuombwa. Utapewa kikopo na chumba. Hakuna atakayekucheka. Majibu yatakuja kwa simu yako, na ndiyo kazi nzuri itakayokuwa imefanya mwaka huu.

Yakija mabaya, nipigie au usinipigie, ni sawa. Utakuwa mwanangu yule yule. Mbegu chache si aibu. Daktari alisema wengi husaidika, na wasiosaidika wana njia nyingine, na hata bila njia mtu bado ni mtu. Baba yako alinichukua akidhani hatapata mtoto kwangu, na hakuna siku alinitazama kama mzigo. Wewe umebeba jina la mtu huyo. Ningependa pia ubebe kitu chake.

Na sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sehemu hii sitairudia.

Jana tulipokuwa tukichuna majani kule chini mtoni nilimwambia Chelangat niliyoyasikia kwenye stoo. Alichuna mpaka tukamaliza mstari mzima. Kisha akasema, "Mama, mimi nataka Kibet. Lakini nikimkosa, sitaki kurudi kwetu." Hakulia. Aliendelea kuchuna, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na mikono yake ilikuwa na haraka kuliko yangu.

Kesho kabla hujapanda gari utamwambia kwa mdomo wako, mbele yangu, kwamba hapa ni kwake. Na utapita kliniki. Mambo hayo mawili tu.

Usipoyafanya, unajua desturi ya nyanya zetu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akamwoa msichana, na watoto wa msichana huyo wakawa wa nyumba yake na kurithi ardhi yake. Pasta hapendi desturi hiyo na wazee wa kanisa wataniondoa kwenye meza ya Bwana. Waniondoe. Baba yako aliniandikia shamba hili mimi, na ng'ombe waliomo zizini ni wangu. Ukimrudisha Chelangat kwao, kina baba yake watarudisha ng'ombe wako, nami Jumamosi nitawafuata na wangu kumtolea mahari. Nitajihesabu mwanamke ambaye hakuzaa mtoto wa kiume. Chelangat atakaa katika nyumba hii kwa jina langu, na wa kuzaa naye atamchagua mwenyewe. Mtoto atakayepatikana atakuwa mwenye boma, na wewe ukirudi kutoka Arabuni utabisha hodi langoni ungoje akukaribishe.

Nilimfanyia mabaya mtu wa Kimulot kwa sababu nilimchukia. Wewe nakupenda, kwa hivyo usidhani nitakuwa mpole.

Nasikia viatu vyako kwenye tope. Chakula ki tayari. Nitakupakulia na hatutaongea haya.

Mimi ni mama yako, mpaka Jumamosi.